Kuhama Bondeni Si Kuacha Shamba

(Haya ni maneno niliyozungumza na vijana wa chama pamoja na wazee waalikwa, Mohoro. Wengi mliniomba maandishi, ndiyo haya. Nimenyoosha lugha pale nilipokuwa naongea haraka, na utani wa ukumbini nimeupunguza.)

   

Karatasi ya mwaliko inasema nije kuzungumzia "vijana na utawala wa sheria". Mada hiyo ni kubwa, nikiifuata yote tutatoka hapa usiku, na mbu wa Mohoro mnawajua. Kwa hiyo nimeikata. Leo naongelea kitu kimoja: shamba la bondeni, na nani ana mamlaka ya kukwambia usililime.

Kwa nini hilo? Kwa sababu tangu mafuriko ya Aprili 2024 kuna maneno yanazunguka hapa kwetu na kila mtu anayasema kivyake. "Bondeni marufuku." "Bondeni siyo kwetu tena." "Serikali imeshasema." Nikiuliza imesema nini hasa, na kwa karatasi gani, mmoja ananiambia alisikia redioni. Mwingine anasema kiongozi alitamka alipokuja na msafara. Wa tatu anasema ni sheria ya mazingira, wa nne anasema ni mpango wa matumizi ya ardhi. Jamani, hivyo ni vitu vinne tofauti, na mbele ya mahakama havina uzito sawa hata kidogo. Mtu akivichanganya anaweza kuliacha shamba la babu yake kwa sababu ya maneno yaliyosemwa kwenye maiki.

Tuelewane kwanza. Sijaja kuwaambia mkalale kwenye maji. Aprili ile tuliona wenyewe, nyumba zimezama, mitumbwi inapita njia ya bodaboda. Kumtoa mtoto penye hatari ni jambo jema, na serikali yoyote, hata ingekuwa ya kwetu, ingepaswa kulifanya. Ubishi wa Bwawa la Julius Nyerere, kama lilituletea maji au lilituzuilia mengine zaidi, huo nao nauacha, mimi si mhandisi. Swali langu ni la darasani kwetu tu: ukihamisha nyumba, umehamisha na shamba?

Warufiji walishalijibu swali hilo kabla sijazaliwa. Baada ya mafuriko ya 1968 ilikuja Operesheni Rufiji, watu wakatolewa bondeni wakapelekwa kwenye vijiji vya juu. Wazee mnaikumbuka. Nyumba zikaenda juu, jembe likarudi chini. Kwa nini? Kwa sababu juu ni mchanga, na mlau haulimwi mchangani. Maji yakishuka yanaacha tope, unapanda kwenye unyevu ule ule, unavuna wakati wenzako wa juu wanaangalia mawingu. Mtu alijenga dungu lake shambani, akalinda nguruwe na ndege mpaka mavuno, kisha akarudi kijijini. Yaani Mrufiji alitenganisha makazi na kilimo zaidi ya nusu karne iliyopita, tena bila semina wala posho.

Sasa anayekuja leo kusema "mmehama, kwa hiyo bonde si lenu" anarukia hatua nyingi sana za sheria.

Nianze na kesi moja ambayo kila mwanafunzi wa sheria Tanzania anaisoma. Kijiji cha Kambi ya Simba, huko Karatu, alikuwepo mzee anaitwa Lohay Akonaay na mwanawe Joseph. Walikuwa na shamba lao la kimila, likaondoka wakati wa Operesheni Vijiji. Mwaka 1987 wakaenda mahakamani kulidai, wakashinda. Rufaa ikakatwa. Kabla rufaa haijaisha, Bunge, la chama kimoja wakati huo, likapitisha Sheria Namba 22 ya 1992. Sheria hiyo ilifuta haki za kimila kwenye vijiji vilivyoanzishwa kwa operesheni, ikazuia fidia, na ikawaambia wenye kesi kwamba mahakama za kawaida hazina kazi nazo tena.

Fikiria wewe ndiye yule mzee. Umeshinda kesi, halafu waliokushinda wametunga sheria kwamba hukushinda.

Hawakukata tamaa. Walirudi mahakamani, safari hii wakiishitaki sheria yenyewe kwa kutumia Katiba. Mahakama Kuu Arusha ikawapa haki, Mwanasheria Mkuu akakata rufaa. Hoja ya upande wa serikali ilikuwa kwamba anayekaa kwenye ardhi kwa mila hana mali pale ya kulindwa na Katiba. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, kwa kalamu ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikaikataa hoja hiyo. Ilisema haki ya kimila juu ya ardhi ni mali chini ya Ibara ya 24, na haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki. Ikaongeza jambo ambalo naomba mlishike: fidia hiyo haiishii kwenye minazi na nyumba ulivyoviongeza. Na ikaona kwamba hoja ya serikali ikikubaliwa, wananchi wengi wa nchi hii watakuwa kama wavamizi ndani ya nchi yao.

Hukumu hiyo imetangulia sheria tunazotumia leo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, imesema hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na ile ya kupewa, ile ya hati za mjini. Kwa hiyo anayekwambia "wewe huna hati, una mila tu", mwambie kwa adabu kwamba sheria yake haijasoma hivyo.

Tuje bondeni sasa. Je, serikali haina nguvu yoyote ya kusema sehemu hii ni ya hatari? Inayo, na nisiwafiche. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999, kifungu cha 7, inampa Waziri mamlaka ya kutangaza ardhi hatarishi, na maeneo oevu, mikoko na kingo za mito vimo humo. Lakini kifungu kile kile kimeweka njia ya kupita. Tangazo linatoka kwanza likiwa rasimu, kwenye Gazeti la Serikali. Wanaoikalia na kuitumia ardhi wanaelezwa kwa lugha wanayoielewa. Wanapewa nafasi ya kusema. Na kama watu walikuwa wakiitumia ardhi ile kihalali, ikiwemo kwa mila, kutangazwa kwake kunahesabika ni kuichukua, kwa hiyo fidia inadaiwa. Kiongozi kupita na msafara na kusema hameni hakumo kwenye orodha hiyo.

Halafu kuna mita 60. Hii ndiyo mtaisikia sana, na ipo kweli: Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. (Ukiipima hiyo sheria huku deltani, kwenye mikono ile yote ya mto, sijui hata mwenye kuipima atasimama wapi.) Mita 60 ni mita 60, hazigeuki kuwa bonde zima. Mtu akija na hoja hiyo, mwombe afungue kamba mpime pamoja. Shamba likiwa ndani, tujadili. Likiwa nje, sheria hiyo haimhusu.

Na ikiwa serikali inataka kuitoa ardhi ya kijiji kuwa ya hifadhi au ya aina nyingine, kuna kifungu cha 4 cha ile Sheria ya Vijiji. Eneo lisilozidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi, mkutano unatoa mapendekezo na Waziri ndiye anaamua. Na ardhi haihamishwi mpaka fidia, kiasi chake na namna ya kulipwa vimekubaliwa. Hapo kwenye hekta 250 mimi binafsi naona sheria imetupunja. Maeneo makubwa, yale yenye maumivu hasa, ndiyo tumebakishiwa ushauri tu. Siku tukiingia bungeni kwa idadi ya kutosha, kifungu hicho kiwe cha kwanza kwenye meza.

Watu wa Mbwera, Salale, Kiongoroni, naona mpo, msidhani nimewasahau. Kwenu ni kugumu zaidi. Mikoko ya delta ni msitu wa hifadhi tangu enzi za Mjerumani, kwa hiyo ukilima mpunga kwenye mikoko hoja ya Akonaay haikubebi moja kwa moja kama inavyombeba mtu wa Mohoro. Lakini ninyi ndio mna historia ambayo sisi hatuna. Miaka ya 1990 kampuni ya African Fishing Company ilitaka kufuga kamba deltani, mradi wa maelfu ya hekta. Wataalamu wa Baraza la Mazingira, NEMC, walishauri usikubaliwe. Baraza la Mawaziri likaupitisha mwaka 1997. Wazazi wenu wakaenda Mahakama Kuu, wakisaidiwa na wanasheria wa mazingira wa LEAT, na waandishi wa JET wakaupigia kelele magazetini. Mabwawa yale ya kamba hayakujengwa. Nendeni mkaangalie, mikoko ipo.

Simaanishi kwamba kesi peke yake ndiyo iliyowashinda wawekezaji. Kulikuwa na mambo mengi. Ila angalieni ajabu yake: serikali ile ile iliyokuwa ikimwambia mvuvi asikate boriti tatu za mikoko kwa sababu ni hifadhi, ndiyo iliyokuwa tayari kutoa maelfu ya hekta za hifadhi hiyo hiyo kwa bwawa la kamba. Ndiyo maana nasema kanuni za matumizi ya ardhi haziulizi tu ardhi itumike vipi. Zinauliza nani aitumie.

Na hapa Mohoro tunalijua hilo kuliko watu wote. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale mji huu huu. Watoto wanafundishwa habari ya maji ya dawa, sawa. Lakini hasira ya watu ilikuwa shambani: pamba ya lazima. Mtu anaambiwa limeni hiki, pale, kwa siku kadhaa, na ujira wake ni wa kuchekesha. Hiyo nayo ilikuwa kanuni ya matumizi ya ardhi. Tofauti yao na sisi ni kwamba wao hawakuwa na Ibara ya 24.

Sasa niseme upande mchungu, maana nisiposema mtatoka hapa mnadhani mahakama ni ngalawa ya bure.

Mwaka 2022 wenzetu wa Loliondo walitangaziwa eneo lao kuwa pori tengefu la Pololeti, kwa Tangazo la Serikali Namba 421. Wakaenda mahakamani. Septemba 2023 Mahakama Kuu Arusha ikalibatilisha tangazo lile, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa kama sheria inavyotaka. Ushindi mzuri, si ndiyo? Lakini kabla ya hukumu, Oktoba 2022, lilikuwa limeshatoka tangazo jingine, Namba 604, la kulifanya eneo hilo hilo pori la akiba. Umeshinda dhidi ya karatasi ya kwanza, wenzako wameshika ya pili. Ni mzee Akonaay tena, miaka thelathini baadaye.

Na mlango wenyewe umepunguzwa. Mwaka 2020, mwaka wa uchaguzi ule mnaoujua, Bunge lilirekebisha sheria kadhaa kwa mkupuo. Leo ukitaka kuishitaki halmashauri lazima umuunganishe na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, utoe notisi ya siku 90, na uende Mahakama Kuu. Mahakama Kuu haipo Utete. Hesabu nauli, hesabu wakili, hesabu siku ambazo hukuvua wala hukulima. Kama unachopinga ni uamuzi wa kiutawala na unataka mahakama iufute, unatakiwa kuomba kibali kwanza, na una miezi sita tu tangu uamuzi ulipofanyika. Miezi sita! Msimu mmoja wa mpunga. Wengi wetu tunaanza kuuliza "kwani ile barua ilisemaje" mwaka wa pili.

La mwisho kwenye hayo marekebisho lilituhusu sisi kama chama. Kwa marekebisho yale ya 2020, anayefungua kesi ya haki za Katiba alitakiwa aape kwamba jambo lile limemgusa yeye mwenyewe. Kabla yake wanaharakati wa Dar wangeweza kutufungulia. Viongozi wetu wa taifa wangeweza. Chini ya sharti hilo tukienda sisi tungeulizwa, wewe imekugusa nini? Chama hakina shamba bondeni. Wewe unalo. Kwa hiyo jina litakaloandikwa juu ya ile karatasi, mbele ya halmashauri na mbele ya Mwanasheria Mkuu, ni lako, na unaishi hapa hapa na mtendaji mnakutana msikitini. Sitaki kujifanya kwamba hilo ni jambo dogo. Ukanda huu umepita kwenye hofu, hasa ile miaka ya 2017, na watu wana sababu ya kukaa kimya. Ndiyo maana nawaomba msijiandae mtu mmoja mmoja. Majina arobaini kwenye hati moja ni tofauti na jina moja.

Mnajiandaaje? Kwanza acheni tabia ya kususia mkutano wa kijiji. Najua hoja: mwenyekiti ni wao, ajenda ni zao, tunaenda kufanya nini. Vijana wenzangu, mkutano mkuu wa kijiji si mkutano wa chama chochote. Kila mkazi mwenye miaka 18 ni mjumbe. Mpango wa matumizi ya ardhi unapitishwa pale, sheria ndogo ya kijiji inajadiliwa pale kabla ya kwenda halmashauri. Tukisusa, muhtasari utaandikwa "wananchi wameridhia", na sisi ndio tutakuwa tumeridhia kwa kutokuwepo. Nenda, pinga, na hakikisha upingaji wako umeandikwa. Kisha omba nakala. Na karatasi ya mahudhurio, tafadhali, isome juu imeandikwa nini kabla hujasaini. Karatasi ya kuhudhuria isije ikaota kichwa kipya cha habari njiani kwenda wilayani.

Jingine ni mipaka. Maji yalifuta alama nyingi, mwembe wa mpaka haupo, kijito kimehama. Wazee wanaojua shamba la nani linaishia wapi wapo leo, kesho hatujui. Kaeni nao, andikeni, majirani wa pande zote nne wasaini, pigeni picha. Simu mnazo, acheni kupiga picha za chakula.

Na kwenye kuandika, andikeni wanawake. Hili nalisemea bibi yangu, aliyelima mlau maisha yake yote na hakuna karatasi hata moja duniani yenye jina lake na shamba lile pamoja. Orodha zikija, za fidia au za viwanja vya juu, anaandikwa "mkuu wa kaya", na mkuu wa kaya mnajua anavaa nini. Sheria ya Vijiji inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki, na mila inayomnyima haina nguvu. Vijana wa kiume msijikunyate, mnaweza kulisema hilo na bado mkabaki wanaume.

Kuhusu kiwanja cha juu: ukipewa, chukua. Usiogope. Ila soma fomu. Kama imeandikwa unapokea kiwanja cha makazi, vizuri. Kama kuna mstari unaosema unaachia haki zako bondeni, simama hapo, usitie dole gumba, ulizia. Kuna wasaidizi wa kisheria, sheria ya 2017 imewatambua, na huduma yao ni bure. Mimi mwenyewe bado ni mwanafunzi, siwezi kusimama mahakamani, lakini kusoma fomu naweza.

Nimeongea sana. Kabla ya maswali: wenye karatasi za aina yoyote, barua ya kijiji, notisi, hata risiti ya zamani ya mchango wa shamba, msiondoke. Katibu wetu ana daftari pale mlangoni, anaandika jina, kitongoji na tarehe iliyo kwenye karatasi yako, kwa sababu ya ile miezi sita. Aliyepokea barua yenye tarehe ya karibuni aanze yeye.

Mzee wangu uliyenyoosha mkono tangu nilipotaja Operesheni Rufiji, karibu, maiki hiyo.